Mluzi wa Ghorofa ya Tatu

Daktari wa wafanyakazi aliandika kwenye faili kwamba mtunza ndege wa ghorofa ya tatu, mwanamume wa miaka hamsini na saba, ana mapafu ya kuonewa wivu na wanariadha. Daktari hakudanganya. Ila mapafu aliyoyapima yalikuwa ya shemeji mtu.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka wafanyakazi wote wa jengo la elimu ya wanyama walitakiwa kwenda zahanati ya chuo kupuliza kwenye mrija wenye mshale. Mshale ukionyesha kwamba kifua kina walakini, mtu aliondolewa kwenye wanyama siku hiyohiyo na kupelekwa kwenye makaratasi. Mtunza ndege wetu, ambaye jengo zima lilimwita Jemadari kwa jinsi alivyowaamrisha ndege kulala, alikuwa na pumu. Vumbi la manyoya na mavi makavu lilikuwa limemwingia kifuani kwa miaka ishirini na miwili na kuweka makazi humo. Kwa hiyo siku ya kupimwa alimtuma kaka wa mkewe, mpiga tarumbeta wa bendi ya harusi, aende na kitambulisho chake. Watu hao wawili walifanana upara tu. Muuguzi aliutazama upara, akatosheka. Shemeji akavuta pumzi, akapuliza, na mshale ukagota mwisho, ukakataa kurudi.

"Nimewaharibia mashine yao," shemeji alimwambia baadaye. "Lakini umefaulu, tena vizuri."

Duniani Jemadari aliogopa vitu viwili. Cha kwanza ni mkewe akiwa kimya. Cha pili ni kuondolewa kwenye kile chumba cha ndege. Watoto wake walikuwa wakubwa na walipiga simu siku za sikukuu. Chiriku arobaini wa ghorofa ya tatu walimngoja kila siku ya Mungu, wakamgeukia kwa pamoja alipofungua mlango. Hakuna mahali pengine alipowahi kungojwa na wengi hivyo. Kupelekwa masijala akagonge mihuri, kwake, kulikuwa ni kuzikwa kabla ya wakati na bila hotuba.

Ndiyo maana asubuhi zake zilikuwa na utaratibu wa kijasusi. Lifti ya jengo hilo ilikuwa na tangazo la matengenezo lililokuwepo tangu baadhi ya wanafunzi wako shule ya msingi, kwa hiyo alipanda kwa miguu ngazi hamsini na nne. Alifika saa moja kasoro, kabla ya mtu mwingine yeyote. Juu alijitosa kwenye stoo ya chakula cha ndege, akafunga mlango, akainamia meza, na kifua kikapiga mluzi wakati wa kuvuta hewa: hiii, hiii, mara mbili, wa pili mrefu kuliko wa kwanza. Kisha aliingiza mkono nyuma ya kopo la mtama, akatoa pampu yake ya dawa, akaibonyeza mdomoni: psss. Baada ya hapo alitoka akiwa mtu mzima wa heshima, akawasalimia ndege.

"Habari za asubuhi, jeshi."

Mkuu wa chumba hicho alikuwa profesa, mwanamke aliyezidiwa na Jemadari miaka kumi na mitano, mwembamba, mwenye miwani iliyokuwa haikai puani. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuuliza swali moja: chiriku anapumua saa ngapi? Maana chiriku anaweza kumwaga noti ishirini na ushei za wimbo ndani ya sekunde moja, akaendelea hivyo mpaka wewe msikilizaji ndiye unayeishiwa hewa. Profesa alimweleza Jemadari jambo hilo mara ya kwanza wakiwa wamesimama kwenye sinki, wanaosha vyombo vya maji.

"Mimi na wewe, Mzee, sauti yetu iko hapa shingoni," alisema, akijigusa koo kwa kidole chenye povu. "Ya ndege iko chini kabisa, ndani ya kifua, pale mrija wa pumzi unapogawanyika kwenda huku na huku. Kwa hiyo ana pande mbili za sauti. Akitaka anaimba kwa kushoto, akitaka kwa kulia, akitaka zote kwa pamoja."

"Kama mke wangu," alisema Jemadari.

"Na anaimba akitoa pumzi. Kati ya noti na noti anachota hewa kidogo mno, upesi kuliko wewe kupepesa jicho. Anatumia kidogo, anarudisha kidogo. Haishiwi. Ila akiongeza kasi kupita kiasi, hata nafasi ya kuchota hana. Hapo anafunga, anaitumia ile aliyoiweka akiba mpaka iishe, halafu basi, lazima anyamaze."

Jemadari alitikisa kichwa. Profesa alidhani mzee hajaelewa, akaanza kurudia taratibu. Kumbe alikuwa ameelewa kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita pale. Yeye mwenyewe alipanda ngazi kwa hesabu hiyohiyo: kidogo anatumia, kidogo anarudisha, na kuanzia ghorofa ya pili anaishi kwa akiba.

Sasa tuje kwa Mheshimiwa.

Mwaka uliotangulia, ugonjwa uliingia kwenye vizimba na kuua ndege kumi na mmoja, wakiwemo baba na mama wa kifaranga mmoja aliyebaki kwenye kiota akiwa uchi na amekasirika. Ili asiambukizwe, profesa aliagiza atengwe peke yake, na mahali pekee palipokuwa na mlango wa kufungika ni stoo ya chakula. Jemadari alimlea humo. Alimlisha kwa kijiti kila baada ya nusu saa, uji wa yai na mtama uliosagwa, huku ameinama mpaka pua yake inagusa waya. Na kwa kuwa chiriku dume hazaliwi na wimbo, hujifunza kwa kuwasikia wakubwa, aliwekewa kinasa sauti chenye wimbo wa chiriku mzee, kikapigwa mara tatu kwa siku. Profesa aliandika kwenye daftari kwamba kifaranga hasikii kitu kingine chochote.

Alipokua alipewa jina la Mheshimiwa, kwa sababu alianza kuimba asubuhi na hakutoa nafasi kwa mwingine. Profesa alimfungia mgongoni kifurushi kidogo, chepesi kuliko kipande cha chaki, chenye kimrija chembamba cha kupima hewa ndani ya vifuko vyake vya pumzi. Pumzi yake ikatokea kwenye kioo cha kompyuta ikiwa mstari wa vilima na mabonde: anapotoa hewa mstari unapanda, anapovuta unashuka. Kwa ndege wote wa chumba kile sauti ilikaa juu ya vilima, na mabonde yalikuwa kimya. Ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Mheshimiwa aliimba wimbo wa kinasa sauti vizuri kabisa, kwa haraka, noti zimeshikana, mpaka akaishiwa. Kisha mstari ukashuka bondeni, na humo bondeni ikasikika sauti. Mluzi. Akaurudia, wa pili mrefu kuliko wa kwanza. Halafu akamalizia kwa sauti kavu ya hewa inayotoka kwa ghafla.

Profesa alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. "Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "ndege huyu anaimba akivuta pumzi."

Wiki iliyofuata ilikuwa ya furaha tupu. Profesa hakula, hakuchana nywele, aliandika tu. Akatuma habari kwa wataalamu wa vyuo vingine, na sita kati yao wakajibu kwamba watakuja kujionea, akiwemo bwana mmoja mwenye ndevu nyingi ambaye kazi yake duniani, kwa kadiri Jemadari alivyoweza kuona, ilikuwa kuwaambia wenzake kwamba wamekosea. Jemadari naye kichwa kilimvimba. Ndege aliyemlea kwa kijiti amekuwa wa maajabu. Akarekodi wimbo kwenye simu yake, akaenda nao nyumbani.

Mkewe alikuwa anapiga pasi mashati. Jemadari aliweka simu juu ya meza ya pasi, akasimama pembeni kama baba wa bwana harusi. Wimbo ukaanza, ukakimbia, ukaishia: hiii, hiii, psss.

Mkewe hakuinua macho. "Kwa nini umejirekodi ukipanda ngazi?"

"Huyo ni ndege, mama watoto."

"Mwanzo ni ndege. Mwisho ni wewe." Akageuza shati. "Nimelala na kifua hicho miaka thelathini. Nakijua kuliko ninavyokijua kitenge changu. Na hiyo ya mwisho ni pampu yako."

Jemadari alirudia kuusikiliza. Akaurudia mara ya tatu. Mara ya nne alikaa chini. Kila asubuhi kwa miezi mitatu alikuwa ameingia kwenye ile stoo, akainama mbele ya mtoto asiye na mzazi, na kumfundisha kuumwa. Na mtoto alikuwa mwanafunzi mzuri.

"Utamwambia?" mkewe aliuliza.

"Nikimwambia, atauliza ni kifua cha nani. Nikisema changu, daktari atauliza mwaka jana alipuliza nani. Wananipeleka masijala."

"Na usipomwambia?"

Jemadari aliizima simu. Mkewe akanyamaza, akaendelea kupiga pasi, na tumekwisha kusema Jemadari aliuogopaje ukimya huo.

Kesho yake alijipiga moyo konde, akamfuata profesa mezani. "Profesa, ile noti..."

"Noti yetu, Mzee," alidakia profesa, akimsogezea karatasi. Mwishoni kabisa, kwenye shukrani, ilikuwa imeandikwa kwamba kazi yote isingewezekana bila mtunza ndege aliyemlea kiumbe huyu kwa mkono wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Jemadari kuandikwa mahali popote ambapo si orodha ya zamu. Akameza maneno yake, akasema ni vizuri, akaenda kuosha vizimba.

Alichofanya badala yake kilikuwa ujanja wa mtu mwoga. Alianza kubonyeza pampu chini, kabla ya kupanda. Alipanda polepole kama bibi harusi, akipumzika kila ghorofa, na akaingia chumbani kifua kikiwa shwari. Alitaka Mheshimiwa asahau. Lakini ndege alikuwa na mazoea yake: kila asubuhi alingoja ule mluzi utoke stoo kwanza, ndipo naye ajibu. Siku ya kwanza aliimba nusu. Ya pili aliguna. Ya tatu alikaa kwenye kijiti amefyata mdomo, akautazama mlango. Ya nne ilikuwa siku ya wageni.

Wageni sita walipanda kwa miguu kama watu wengine wote, wakafika juu wanahema, wamelegeza tai. Mheshimiwa aliwasikiliza wataalamu sita wakitafuta pumzi, akageuza kichwa. Hawakufikia kiwango. Profesa akaeleza, akaonyesha michoro, akaelekeza kidole kwenye mabonde. Kisha akasema sasa tumsikie mwenyewe, na wote wakakaa kimya.

Dakika kumi zikapita. Mheshimiwa alinywa maji. Dakika ishirini. Alijikuna chini ya bawa, mgeni mmoja akakohoa, mwingine akatazama saa. Jemadari alisimama karibu na mlango kwenye koti lake jeupe lililopigwa pasi na mkewe, pumzi zikiingia na kutoka bila mlio wowote, salama salimini.

"Labda leo hana hotuba," alisema mwenye ndevu, na wawili wakacheka.

Profesa hakucheka. Jemadari aliona akibonyeza kipanya cha kompyuta bila sababu, mchoro uleule ukifunguka na kufungika. Yeye alijua kitu cha kumwimbisha ndege yule. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyejua. Kitu hicho kilikuwa kifuani mwake, na kingemtoa kwenye chumba hicho leo hii.

"Naomba dakika tano," alisema, akatoka.

Akashuka ngazi hamsini na nne mpaka chini. Pale chini alishika ukuta, akajiona mjinga, akaanza kupanda mbio. Mtu wa umri wake hapandi ngazi mbio ila akifukuzwa, na kweli alikuwa anafukuzwa, na aibu. Ghorofa ya kwanza aliifikia akiwa mtu. Ya pili aliifikia akiwa magoti matupu. Ya tatu haikumbuki. Aliusukuma mlango, akashika nguzo ya kizimba, na kifua chake kikapiga mluzi mbele ya wasomi: hiii. Hiii.

Mheshimiwa akasimama wima. Manyoya ya kooni yakamtutumka, wimbo ukatoka, noti juu ya noti, haraka mpaka masikio yakashindwa kuzitenganisha, na kwenye kioo vilima vikajipanga vidogovidogo mpaka hewa ikamwishia. Kisha mstari ukashuka. Hiii. Hiii. Na bila kungoja, psss.

Jemadari alikuwa anahitaji hewa kwa dhati sasa, macho yamemtoka. Angeweza kutoka nje. Aliingiza mkono kwenye koti, akatoa pampu mbele ya wote, akaibonyeza mdomoni.

Psss.

Mwenye ndevu alimtazama ndege, akamtazama mzee, akamtazama ndege tena. "Samahani," alisema, "mwalimu hapa ni nani?"

Profesa alikaa kwenye kiti. "Mzee," alisema. "Ni wewe."

"Ni mimi, Profesa. Kule stoo. Nimemfundisha upuuzi, nikanyamaza nao." Alipumzika, akaongeza, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuficha: "Na mwaka jana zahanati alipuliza shemeji yangu."

Jemadari aliona aibu mpaka vidoleni. Lakini yule mwenye ndevu alikuwa amesogea kwenye kioo, ameinama mpaka ndevu zinagusa kibodi. Alizoea kuwaambia watu wamekosea, na ilionekana wazi kwamba alichokiona kinamuudhi. "Bado iko bondeni," alinung'unika. "Wimbo anautoa nje, mluzi anauvuta ndani. Kama huyu bwana. Angeweza kuuigiza kwa kutoa pumzi, ingekuwa rahisi zaidi. Hakutaka." Akajinyoosha. "Profesa, hukukosea. Ila kwenye karatasi yako umemsahau mwimbaji mmoja."

Basi karatasi ikaandikwa upya, na ili iandikwe ilibidi kifua cha Jemadari kipimwe kihalali, kwa mapafu yake mwenyewe. Mshale ulijivuta kidogo, ukatulia. Daktari alifungua faili la mwaka jana, akatazama, akatazama upara. "Mzee, umeshuka sana," alisema. "Uzee, daktari," alijibu Jemadari. Profesa alimtetea mpaka kwa mkuu wa chuo, kwa hiyo unga haukumwagika, lakini chumba cha ndege kilikwisha. Jumatatu alikuwa masijala, ghorofa ya chini, mbele ya dirisha linalotazama maegesho, akigonga mihuri kwenye barua za watu wanaolalamika.

Nafasi yake alipewa mama mmoja kutoka idara ya samaki, mtu mpole aliyezoea viumbe wasiojibu.

Ilipita miezi minane. Mbali na vumbi, kwa dawa alizokuwa anazikwepa, kifua cha Jemadari kilianza kufunguka. Mluzi ukapungua, ukawa wa siku moja moja, ukaisha. Mkewe alidai nyumba imepoa mno, hajui tena mume yuko chumba gani. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa dakika nzima na kusema hasikii chochote, na ruhusa ya kuwatazama ndege kwa nje ya kioo ikatolewa.

Alipanda ngazi hamsini na nne bila kusimama. Alifika juu hata jasho hana, akasogea kwenye kioo. Mheshimiwa alikuwa kizimba cha mbele, amenenepa kama jina lake. Alimtazama Jemadari kwa jicho moja, akageuza kichwa, akamtazama kwa jicho la pili. Kisha akarudi kwenye mtama wake. Alikuwa anamngoja mtu mwingine, mwenye kifua kibovu, na huyu aliyesimama pale alipumua kama mgeni yeyote. Ilimuuma Jemadari kuliko ile miezi yote minane ya mihuri. Alifikiria kuupiga ule mluzi kwa mdomo, akaona haya mbele ya mama wa samaki.

"Asubuhi huimba tukimpigia sauti yako kwenye kinasa," alisema yule mama. "Sasa sikiliza hawa."

Kwenye kizimba cha pembeni walikuwepo madume wanne wachanga, waliolelewa kando ya Mheshimiwa. Mmoja alianza, wimbo bado umevurugika, noti zinajikwaa. Wenzake wakamfuata. Waliishiwa hewa mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine wakavuta: hiii, hiii, wa pili mrefu kuliko wa kwanza. Kisha psss, psss, psss, na yule mdogo kabisa, kwa kuchelewa, psss. Jemadari alijikuta ameingiza mkono mfukoni kutafuta pampu aliyokwisha kuiacha nyumbani.

"Profesa anasema tukiwatenga sasa hivi na kuwapigia wimbo safi, watauacha huo mluzi," mama wa samaki alisema. "Lakini alisema tukuulize wewe kwanza."

Jemadari aliwatazama. Walikuwa wazima, macho yanang'aa, wanasukumana kwenye kijiti.

"Waacheni," alisema. "Wao kifua hakiwaumi."

Akashuka ngazi zote, na alipofika chini alikaa kidogo kwenye ngazi ya mwisho, ingawa hakuwa amechoka.